Kuihamisha Hifadhidata ya Msamiati wa Ekegusii: Hoja za Kiisimu katika Uamuzi wa Kiufundi

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, nalo ni hili: programu inayotunza msamiati wa lugha ikishachakaa, je, yafaa ihamishiwe katika injini mpya ya hifadhidata, au iachwe ilipo? Mfano wetu ni mkusanyo wa maneno ya Ekegusii ambao mwandishi ameushughulikia pamoja na wanafunzi wake kwa miaka kadhaa katika kaunti za Kisii na Nyamira, na hasa Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, na Tabaka, kwa wachongaji wa mawe. Mkusanyo huo ulianzia katika kadi za karatasi, ukaingizwa katika faili za matini, kisha ukatiwa katika programu inayoendeshwa na MySQL, toleo la 5.7. Huduma ya watengenezaji kwa toleo hilo ilikoma Oktoba 2023. Tangu hapo kila fundi aliyepita idarani alitushauri tuhame mara moja, na kila mmoja alitaja mahali pake pa kuhamia.

Ushauri huo haukuwa mbaya. Kasoro yake ni kwamba uliyachukulia maneno kuwa kama magunia ya mahindi, ambayo yakitolewa ghala hili na kupelekwa lile hubaki kuwa magunia yale yale. Rai yetu ni kwamba sivyo. Injini ya hifadhidata haitunzi maneno tu. Huamua pia ni maneno gani mawili yahesabiwe kuwa neno moja, ni neno lipi litangulie jingine, na neno huanzia wapi na kuishia wapi. Haya ni maswali ya isimu, na injini huyajibu hata pale ambapo hatukuiuliza.

2. Istilahi

Kabla hatujaendelea yafaa tueleze maneno machache. Kwa "hifadhidata" (wengine husema "kanzidata", nasi hatuna ugomvi nao) tunamaanisha data zilizopangwa katika majedwali yenye safu na rekodi. "Injini" ni ile sehemu ya mtambo inayoandika data hizo katika diski, kuzitafuta na kuzilinganisha. Wanaotumia MySQL hulitumia neno hili kwa maana mbili: mara kwa mfumo mzima, na mara kwa sehemu ya ndani inayohifadhi jedwali, kama vile MyISAM ya zamani na InnoDB iliyoshika nafasi yake kuwa chaguo la kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010. "Usimbaji" ni namna herufi inavyogeuzwa kuwa namba. Na "kanuni za ulinganishi" ni sheria ambazo injini huzifuata inapoamua kama herufi mbili ni sawa, na kama si sawa, ipi itangulie. Makala haya kwa sehemu kubwa ni juu ya istilahi hii ya mwisho.

3. Lugha yenyewe

Ekegusii ni lugha ya Kibantu ambayo Guthrie aliipa alama E42, na Maho, katika orodha yake ya mwaka 2009, JE42. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Abagusii 2,703,235. Lugha hii si changa katika maandishi ya wanaisimu. Whiteley, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa historia yake ya Kiswahili ya mwaka 1969, alichapisha uchunguzi wa mfumo wa njeo za Kigusii mwaka 1960. Cammenga akatoa fonolojia na mofolojia yake mwaka 2002. Na Nash akaandika tasnifu juu ya toni zake mwaka 2011. Lahaja zake ni mbili, ile ya Rogoro, ambayo ndiyo iliyotumiwa zaidi katika vitabu, na ile ya Maate, inayosemwa kusini, upande wa Mugirango Kusini, uliko mji wa Tabaka.

Mambo matatu ya lugha hii yanahusika na mada yetu. La kwanza ni irabu. Ekegusii ina irabu saba, kila moja ikiwa na ufupi na urefu wake, lakini tahajia ya kawaida ina herufi tano za irabu. Herufi e hubeba sauti mbili, na o vivyo hivyo. La pili ni toni, ambazo tahajia haiziandiki kabisa. Mzawa wa lugha asomapo gazeti au Biblia hujaza mwenyewe yaliyoachwa, kama vile msomaji wa Kiarabu ajazavyo irabu. Lakini kwa mkusanyo wa kitaaluma, alama za ɛ na ɔ na zile za toni ndizo kazi yenyewe: zikiondoka, hubaki orodha ambayo mtu yeyote angeweza kuinakili kutoka katika vitabu vilivyokwisha kuchapwa.

La tatu ni umbo la nomino. Nomino ya Ekegusii huwa na irabu tangulizi mbele ya kiambishi cha ngeli: omonto, abanto; rigena (jiwe) ni miongoni mwa zile zisizo nayo katika umoja, lakini wingi wake ni amagena. Tena katika ngeli ya 7 kiambishi hubadilika kwa Kanuni ya Dahl. Penye konsonanti isiyo ghuna mwanzoni mwa shina, kiambishi ni ege-, kama katika egesaku (ukoo) na egesarate (boma la ng'ombe la vijana wa zamani). Pengine ni eke-, kama katika ekerandi (kibuyu) na jina Ekegusii lenyewe. Mpangilio wa alfabeti usiojua jambo hili hutawanya ngeli moja mahali pawili.

4. Uhamisho wa kwanza na hasara yake

Si mara ya kwanza mkusanyo huu kuhamishwa. Ulipotolewa katika faili za matini na kutiwa katika hifadhidata, jedwali liliundwa bila mtu kutaja usimbaji, kwa hiyo injini ikachukua ule wake wa kawaida. Katika MySQL, hadi toleo la 5.7, usimbaji wa kawaida ulikuwa ule wa herufi za Ulaya Magharibi ujulikanao kwa jina la latin1, na kanuni zake za ulinganishi zilikuwa za Kiswidi, kwa sababu kampuni iliyoianzisha ilikuwa ya Sweden. Ndiyo kusema kwamba kwa muda fulani maneno ya wazee wa Kisii yalipangwa kwa kufuata kamusi za Stockholm. Hilo lingeweza kuchekesha tu, lisingekuwa na jingine ndani yake. Katika usimbaji huo herufi ɛ na ɔ hazimo. Injini za wakati huo, zisipoamriwa kuwa kali, zilipopewa herufi zisizoijua ziliandika alama ya kuuliza mahali pake, zikatoa onyo, zikaendelea na kazi. Onyo hilo halikusomwa na mtu.

Tulikuja kugundua baada ya muda mrefu. Faili za asili za sehemu kubwa ya mkusanyo zilikuwapo, zikasaidia. Lakini fungu moja la maneno ya uchongaji, ya majina ya aina za mawe na ya hatua za kuyachonga, lilikuwa limeingizwa moja kwa moja katika programu na kadi zake zilikuwa zimetupwa. Katika fungu hilo kila penye irabu ya nusu chini pana alama ya kuuliza. Alama hiyo haisemi kama ilikuwa ɛ au ɔ. Penye neno linalojulikana mtu huweza kukisia. Penye neno la kazi, ambalo mzee mmoja wa Tabaka alilitaja na vijana wa leo hawalitumii, hakuna wa kukisia, maana mzee huyo amekwisha kufariki.

Toleo la 5.7, lililotoka mwaka 2015, lilikuwa kali kwa kawaida yake: likipewa herufi lisiloweza kuihifadhi, hukataa. Yafaa kulisema hili kwa haki, kwa kuwa wako wanaoamini kwamba kila kilicho kipya huja na hatari mpya. Katika jambo hili upya umetusaidia.

5. Maneno mawili au neno moja?

Tutoe mfano wa Kiswahili kwanza, kwa kuwa unawagusa wasomaji wote. Neno barabara lenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia kuu. Lenye mkazo katika silabi ya tatu kutoka mwisho ni kielezi chenye maana ya "sawasawa". Mtunzi wa hifadhidata akitaka kuyatenganisha ataandika barabára na barábara. Sasa aunde jedwali katika MySQL 8.0, injini iliyotoka Aprili 2018, asitaje kanuni za ulinganishi, na aamuru kwamba kidahizo kisirudiwe. Akishaingiza neno la kwanza, la pili litakataliwa kwa hoja kwamba limo tayari. Kanuni za kawaida za toleo hilo hazijali alama juu ya herufi, wala hazitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kwa muuza duka ambaye mteja wake huandika "Café" na mwingine "cafe", hii ni hisani kubwa. Kwa mtu wa toni ni msiba.

Ni lazima tuwe waangalifu hapa. Jedwali la zamani likipandishwa toleo mahali pake lilipo hubaki na kanuni zake za awali. Ni lile linaloundwa upya bila kutaja chochote ndilo linalorithi kanuni mpya. Tena ɛ na e si sawa hata katika kanuni hizo mpya, kwa kuwa Yunikodi inazihesabu kuwa herufi mbili mbalimbali na si herufi moja yenye pambo. Kwa hiyo tofauti ya irabu saba husalimika. Inayopotea ni tofauti ya toni. Na zipo kanuni nyingine ndani ya injini hiyo hiyo zinazojali alama na ukubwa wa herufi. Kinachotakiwa ni mtu ajue kuzitaja.

PostgreSQL hufuata njia nyingine. Kwa kawaida yake huhesabu maneno mawili kuwa sawa endapo tu namba zake zote ni zile zile. Basi barábara na barabára hukaa kwa amani. Lakini ukali huu una matata yake. Herufi á huweza kuandikwa kwa namna mbili katika Yunikodi: kama herufi moja kamili, au kama a ikifuatwa na alama ya toni iliyo peke yake. Kwa jicho hazina tofauti. Kwa PostgreSQL ni herufi mbili tofauti. Na ɛ́ haina umbo la herufi moja; ni lazima iandikwe kwa vipande viwili. Wanafunzi wawili wenye kibodi tofauti watakuletea vidahizo viwili vya neno moja, na hapana atakayeona kosa katika kioo. Dawa yake ni kuyasawazisha maneno yote yafuate umbo moja kabla ya kuingizwa, na tangu toleo la 13 la mwaka 2020 injini hiyo ina amri yake ya kufanya hivyo. Kwa maoni yetu kosa la namna hii ni afadhali kuliko lile la kwanza: vidahizo viwili vya ziada huweza kuunganishwa, lakini kidahizo kilichokataliwa mlangoni hakina kumbukumbu.

Jambo moja mafundi walilolitilia mkazo halituhusu. Walituambia kwamba usimbaji ulioitwa utf8 katika MySQL ya zamani haukutimia, kwa kuwa ulibeba herufi za baiti tatu tu na si nne. Ni kweli. Lakini ɛ, ɔ na alama zote za toni za Ekegusii ni za baiti mbili. Herufi za baiti nne zinazotufikia ni vile vikaragosi vya nyuso ambavyo wanafunzi huvitia katika maelezo yao, na hivyo tungeweza kuviacha bila majonzi.

6. Ng'ombe katika mtambo

Alama ndogo kuliko zote katika tahajia yetu ndiyo iliyotusumbua kuliko zote. Kiswahili na Ekegusii zote mbili huandika sauti ya nazali ya kaakaa laini kwa ng', na alama hiyo ya juu hutenganisha maneno: ngoa ni wivu au tamaa, ng'oa ni kutoa kwa nguvu kilichoota. Katika Ekegusii ng'ombe ni eng'ombe, na wingi wake ni chiombe.

Alama yenyewe ina nambari zaidi ya moja katika Yunikodi. Iko ile iliyonyooka ya kibodi ya kawaida. Iko ile iliyopinda, ambayo programu za kuchapia huiweka zenyewe bila kuombwa. Na iko ya tatu, U+02BC, ambayo kwa sura hufanana na hiyo ya pili lakini Yunikodi inaihesabu kuwa herufi. Mkusanyo wetu ulipokaguliwa ulikutwa na zote tatu, pamoja na alama ya nne iliyokuwa ya kosa tu. Kwa injini yoyote, mpya au ya zamani, hizi ni tahajia nne za neno moja. (Tusisahau pia kwamba lugha ya SQL hutumia ile alama iliyonyooka kufungia matini, programu iliyoandikwa kwa uzembe, ikipewa neno ng'oa, hudhani sentensi imekwisha katikati.)

Tofauti ya injini hujitokeza katika utafutaji wa maneno ndani ya matini, kwa mfano ndani ya hadithi zilizonakiliwa. MySQL huiruhusu alama ya juu ikae katikati ya neno. PostgreSQL, kwa mchanganuo wake wa kawaida, hukata hapo: eng'ombe huwa maneno mawili, eng na ombe. Mwanaisimu atatambua kwa tabasamu kwamba mtambo umekata karibu na mahali ambapo mofolojia nayo ingekata, kwa kuwa ombe ndiyo inayobaki katika chiombe. Lakini hiyo ni bahati, na bahati haijengewi faharasa. Tukiigeuza alama hiyo iwe U+02BC kila mahali, neno halikatwi. Gharama yake ni kwamba lazima programu imgeuzie mtumiaji alama yake kila anapotafuta, kwa kuwa kibodi haina herufi hiyo.

Aidha, PostgreSQL isipoelekezwa vingine mara nyingi hutafuta kwa kanuni za Kiingereza, ambazo huondoa viishio vya maneno ili kupata shina. Kiishio kimoja kinachoondolewa ni e ya mwisho. Chini ya kanuni hizo waende hubaki waend, na asome hubaki asom. Msomaji hahitaji kukumbushwa kwamba irabu hiyo ndiyo dhamira tegemezi katika Kibantu. Injini haina kanuni za Kiswahili, wala za lugha nyingine ya Kibantu, miongoni mwa zile zinazokuja nayo; kwa hiyo ni sharti ichaguliwe ile njia sahili isiyokata kitu. Wala MySQL ya zamani haikuwa na nafuu. Faharasa ya matini ya MyISAM, kwa mpango wake wa kawaida, iliyapuuza maneno yenye herufi pungufu ya nne. Mtu, mti, jua na nge hawakutafutika. Katika InnoDB kiwango ni herufi tatu, ndipo mtu akaweza kupatikana.

7. Nani apange alfabeti?

Hapa ndipo mkusanyo wa lugha unapoachana kabisa na hesabu za duka. Mpangilio wa vidahizo ni uamuzi wa mtunzi wa kamusi: je, ng' na ny ni herufi kamili zenye sura zake, au ni n iliyofuatwa na nyingine? Je, omonto iwekwe chini ya O au chini ya shina -nto? MySQL 8.0 ina kanuni za ulinganishi za lugha nyingi, kuanzia Kiaislandi hadi Kivietinamu, na hata Kiesperanto kimo. Lugha ya Afrika kusini mwa Sahara haimo. Ekegusii ina alama yake ya kimataifa, guz, na imo katika hazina ya CLDR, ambayo mitambo mingi huchota humo majina ya siku na miezi. Lakini kuwamo humo si sawa na kupangiwa alfabeti.

Kuanzia toleo la 16 la mwaka 2023 PostgreSQL humruhusu mtumiaji aandike mwenyewe kanuni zake za mpangilio: kwamba ny ije baada ya n zote, na ng' baada ya hiyo, au vyovyote atakavyo. Kwa hiyo mtunzi wa kamusi ya lugha kama hii anaweza kuiamuru injini ya kawaida ifuate alfabeti yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Tukiulizwa ni sifa gani moja ya injini mpya iliyotuvuta, ni hii.

Hata hivyo, utaratibu huo unatafuta tahadhari. PostgreSQL kwa muda mrefu imeuegemea mfumo wa kompyuta kwa mpangilio wa maneno, na mwezi Agosti 2018 maktaba ya msingi ya Linux, glibc, katika toleo lake la 2.28, ilibadilisha mpangilio huo, hasa wa matini zenye vistari na alama nyingine ndani yake. Hifadhidata zilizokuwa na faharasa zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zikaanza kushindwa kuyaona maneno yaliyomo, kama mtu atafutaye katika kamusi ambayo kurasa zake zimechanganywa. Hakuna data iliyopotea, lakini ilibidi faharasa zijengwe upya, na wengi hawakujua chanzo. Kwa mkusanyo uliojaa vistari vya mofimu na alama za ng', si jambo la mbali.

Suala la shina injini yoyote haiwezi kulitatua, na ni vizuri isijaribu. Tumeamua kwamba shina, ngeli na kiambishi kila kimoja kiwe na uga wake, na kwamba eke- na ege- ziandikwe kama zilivyotamkwa lakini zipewe namba moja ya ngeli. Kazi hii hufanywa na binadamu ajuaye lugha, na ingefaa ifanywe hata kama tusingehama.

8. Uamuzi

Tunaweza sasa kuyapima mambo. Watu wengi hutaka kuhama kwa kuogopa kupoteza data umeme unapokatika, nao hapa kwetu hukatika. Majedwali yetu ya awali yalikuwa ya MyISAM, ambayo yakizimikiwa katikati ya kuandika huweza kuharibika. Dawa ya jambo hilo haikuhitaji kuhama: amri moja kwa kila jedwali iliyageuza kuwa ya InnoDB ndani ya mtambo ule ule wa zamani, na tangu hapo muamala uliokatizwa hufutwa wote badala ya kubaki nusu. Sababu ya kweli ya kuondoka katika 5.7 ni usalama. Programu inayofikiwa na watu wa nje kupitia mtandao haiwezi kukaa katika injini isiyozibwa matundu yake. Ingekuwa mkusanyo huo unatumiwa na mtu mmoja katika kompyuta moja isiyounganishwa na kitu, tungesema waziwazi kwamba hana haja ya kuhama, wala hana haja ya injini yenyewe. Programu ya FieldWorks, ambayo wanaisimu wengi wa uwandani huitumia, katika matoleo yake ya kwanza iliendeshwa na SQL Server. Kuanzia toleo la 7 ikaiacha na kuziweka data katika faili ya XML. Walioitengeneza walihama kwenda kwenye kitu sahili zaidi, na hatujasikia mwanaisimu akiulilia mtambo wa zamani.

Sisi tunao watumiaji wengi, tena wa mahali pengi, kwa hiyo tumeamua kuhama. Kati ya njia mbili, kupanda hadi MySQL 8.4 ya mwaka 2024, ambayo imekusudiwa kuhudumiwa kwa miaka mingi, ndiyo nyepesi. Programu haingehitaji kuandikwa upya ila kidogo. Kuhamia PostgreSQL kunahitaji kazi ya miezi. Tumechagua hii ya pili kwa sababu ya alfabeti na kwa sababu ya ukali wake juu ya usawa wa maneno. Mwenye mkusanyo usio na toni, au asiyejali ng' ikae wapi, asituige.

Masharti tuliyojiwekea ni haya. Kwanza, data zote zitolewe katika matini wazi yenye alama za uga, kwa namna ya zile faili za zamani za Shoebox zilizoanzisha kila uga kwa mkwaju na herufi chache, na nakala hiyo iwekwe mahali ambapo injini haifiki. Uhamisho ukiharibika, hiyo ndiyo asili. Pili, alama za ng' na maumbo ya irabu zenye toni zisawazishwe katika matini hiyo, na si ndani ya injini. Tatu, iandaliwe orodha fupi ya maneno ya majaribio: barábara na barabára, ngoa na ng'oa, eng'ombe na chiombe, egesaku na ekerandi, maneno yenye ɛ́ na ɔ́, na neno moja lenye herufi mbili. Orodha hiyo huingizwa, hutafutwa, hupangwa, kisha hutolewa tena na kulinganishwa baiti kwa baiti na ile ya kwanza. Neno moja lisiporudi kama lilivyokwenda, uhamisho husimama. Fundi wetu, kijana wa Nyamira anayeisema lugha hii tangu utotoni, aliiona orodha hiyo kuwa ni wasiwasi wa walimu, mpaka jaribio la kwanza liliporudisha ombe bila eng.

Limebaki jambo la rekodi za sauti. Kila rekodi imefungamana na jina la msemaji na kijiji chake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa katika matumizi ya habari za namna hiyo, na kuziwekea masharti habari zinazopelekwa nje ya nchi. Ridhaa tulizozichukua zamani zilikuwa za mdomo na zilihusu kitabu, si seva iliyo katika nchi nyingine. Kwa hiyo maneno yatatangulia kuhamishwa, na rekodi zitabaki katika diski iliyomo kabatini hadi wasemaji au jamaa zao wafikiwe.

Yale maneno ya uchongaji yenye alama za kuuliza yatahama yakiwa na alama hizo. Tumekataza mtu yeyote kuzijaza kwa kukisia. Kila moja limewekewa uga wa pembeni unaosema kwamba irabu haijulikani, na wanafunzi wawili wamepewa orodha yake waende nayo Tabaka wakati wa likizo, wakawasomee wachongaji wazee neno baada ya neno, kwa irabu zote mbili.